Shengena: Jina la Mlima Katika Kibao cha Injini

Reli ya Usambara ilianza kujengwa mjini Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Baada ya Mombo, reli hiyo huiacha milima ya Usambara na kuandama milima ya Upare, ambako kilele cha juu kabisa, Shengena, kina kimo cha kiasi cha mita 2,460.

Mnamo 1955 na 1956, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipata injini 34 za mvuke za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na namba 5930 ikaitwa Mlima Shengena. Injini hizo zilivuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Jina likafanya kazi Kenya. Mlima ukabaki Upare.

Kiswahili hakikushindwa kuvitenganisha viwili hivyo. Mlima huwa “Shengena umefunikwa na ukungu”, na injini huwa “Shengena imechelewa”. Kiambishi kimoja chatosha.

Ugumu huanza jina linapokuwa la mtu. Injini za daraja la 60 ziliitwa kwa majina ya magavana, mmojawapo akiwa Sir Harold MacMichael, aliyetawala Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Je, msemaji aseme “amechelewa” au “imechelewa”? Akichagua la pili, gavana amekuwa chombo. Majina hayo ya magavana yaliondolewa baadaye. Injini nyingine zilibeba majina ya makabila, kama Nyaturu, bila kile kiambishi wa- kinachowatambulisha Wanyaturu kuwa ni watu. Hapo sarufi haichezi tena: umma mzima umeingizwa katika ngeli ya vitu.

Katika pwani ya Tanga na Pangani, mwenye jahazi ndiye alipaye jina. Vivyo hivyo katika reli, aliyetoa jina ni mwenye reli, hata pale jina lilipokuwa la wenyeji.

Leo injini namba 5930 imo katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Mtafiti wa majina aisomapo asiishie kwenye kibao. Hana budi kuuliza pia ni kiambishi gani kilichofuata jina hilo vinywani mwa watu.