Maua ya Wakati wa Baridi

Mimi nakaa Scotland. Mama yangu alipokuja kukaa nami aliugua miguu, asiweze kutoka. Kutwa alikaa dirishani. Majira ya baridi akaniuliza, "Mwanangu, je, nchi hii imekufa?" Neno lile lilinichoma moyo.

Basi nikapanda erika, vijiti vifupi vilivyo jamaa ya miti ya erika iotayo Kilimanjaro juu ya msitu. Nalichagua aina tatu zipokezane: erika ya kiangazi hutoa maua tangu Juni, kaluna, Agosti hata Oktoba, na erika ya baridi huchanua hata thelujini. Mbili za kwanza hazipendi udongo wenye chokaa. Ya tatu huuvumilia.

Mwaka wa kwanza nalikosa: nalikata mpaka kwenye shina kuukuu lisilo majani, wala halikuchipuka tena. Yafaa kupunguza ncha tu, maua yakiisha kunyauka.

Mwaka wa pili, mwezi wa Januari, mama akaniita dirishani. Maua mekundu yalikuwa yamechomoza katika theluji. Akasema, "Kumbe ilikuwa imelala tu."