Kafara ya Askofu

Katika baraza tuliyokuwa tukichezea sataranji mjini Mombasa, zama za ujana wangu, heshima ya mchezaji ilipimwa kwa ujasiri wa kafara zake, hata aliyeshindwa baada ya kutoa ngome mbili akasindikizwa kwa sifa, na aliyemshinda kwa kulinda vitunda vyake taratibu akaachwa apange kete peke yake. Kiigizo chetu kilikuwa ule mchezo wa Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky, uliochezwa London mwaka 1851, ambamo Anderssen alitoa askofu, ngome zote mbili na hatimaye malkia, kisha akamnasa mfalme kwa farasi wawili na askofu mmoja aliyesalia.

Usiku uliotikisa baraza ni ule maalim mmoja, mwalimu wa hisabati, mtu wa maneno machache, alipokabiliana na karani wa forodhani ambaye kwa ulinzi hakuwa na mfano kwetu. Karani alikwisha kumsitiri mfalme wake nyuma ya vitunda vitatu, lakini farasi wake wa f6 alikuwa amefukuzwa na kitunda cheupe kilichosimama e5. Maalim akalitambua pengo hilo, akamwinua askofu, akala kitunda cha h7. Mfalme akamla askofu, farasi mweupe akarukia g5. Shambulio hili ni la kale, limo katika maandishi ya Gioachino Greco, Mwitalia wa karne ya 17, na siri yake ni kwamba mfalme akirudi g8, malkia huja h5, na farasi ambaye angeilinda h7 hayupo tena. Karani aliyajua hayo. Kwa hiyo hakurudi, bali alimtoa mfalme mpaka g6, uwanjani, kati ya maadui. Malkia mweupe akaja g4, na baada ya hatua chache maalim akatoa na ngome.

"Maalim, umehesabu mpaka mwisho?" akauliza karani.

"Nimehesabu mpaka pale ambapo wewe nawe huwezi kuhesabu, bwana."

Mfalme akanaswa kabla ya adhana ya isha, nami nikauandika mchezo wote daftarini.

Baadaye vilitufikia vitabu vyenye mafundisho ya Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia tangu 1886, aliyeshikilia kwamba shambulio halina haki ila mshambuliaji awe amekwisha kujikusanyia ubora; tukaanza kudai dalili ya kila kafara, na ubishi wetu ukanoga. Badiliko zito lilikuja na mashine. Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda bingwa Garry Kasparov kule New York, na miaka si mingi baadaye nguvu iliyozidi ile ikakaa ndani ya simu ya kijana yeyote. Kijana mmoja wa baraza akauingiza humo mchezo wa maalim, na mara ikatoka hukumu kwamba mfalme alikuwa na njia nyembamba ya kuokoka, kwa hiyo kafara ni batili. Tangu siku hiyo nikawaona vijana wakiogopa kutoa hata kitunda.

Hukumu ile siikubali. Mikhail Tal, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1960, alitoa kafara nyingi ambazo wachambuzi walizipatia jawabu baadaye, wakiwa wametulia. Lakini aliyeketi mbele yake alipaswa kulipata jawabu hilo saa ikimlia, na wengi hawakulipata. Na ajabu ni kwamba mashine zenyewe zilikuja kuitetea kafara: mwaka 2017 AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake bila kupewa ila kanuni za mchezo, iliishinda mashine nyenzake, Stockfish, pasipo kushindwa katika michezo 100, na katika baadhi ya michezo hiyo ilitoa kete bila kudai malipo ya papo hapo, ikaridhika kumbana adui hatua baada ya hatua.

Kwa hiyo, enyi vijana wa baraza, nawasihi: mchezo ukiisha, simu zikae mifukoni kwanza mpaka wote wawili mliocheza mwelezane kwa vinywa vyenu mlichokiona na mlichokiogopa. Askofu wa maalim alitolewa kwa haki.