Bwana Avery na Njia ya Maili Elfu Mbili

Kaskazini-mashariki ya Marekani, katika jimbo la Maine, uko mlima uitwao Bigelow. Kilele chake cha mashariki hakifiki hata futi 4,100, nasi tuliozoea kuutazama Mlima Kenya twaweza kukiita kilima tu. Walakini baridi ya huko ni kali, na juu kabisa miti haioti, ila majani mafupi katikati ya mawe. Msafiri akisimama hapo huona chini yake ziwa la Flagstaff, ambalo lilitokea mwaka wa 1950, mto ulipozibwa na kijiji kizima kikafunikwa na maji. Kilele hicho huitwa Avery, kwa heshima ya mtu ambaye hakuwa jemadari wala tajiri, bali mtumishi wa Serikali aliyefanya kazi ya njia katika siku zake za mapumziko, bila kulipwa hata senti moja.

Myron Avery alizaliwa mwaka wa 1899 huko Lubec, mji wa pwani ya Maine wenye wavuvi na viwanda vya kutia dagaa makoponi. Alisoma sheria, kisha akaajiriwa Washington katika mambo ya meli. Wazo la njia halikuwa lake. Bwana Benton MacKaye ndiye aliyetoa shauri, mwaka wa 1921, kwamba ikatwe njia ya miguu kufuata migongo ya milima ya Appalachia. Shauri lilikuwa jema, lakini shauri halikati magugu, na kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda polepole mno. Mwaka wa 1927 Avery na wenzake wachache walianzisha chama cha njia pale Washington. Mwaka wa 1931 akawa Mwenyekiti wa baraza la vyama vyote vya njia hiyo, akakishika kiti hicho miaka 21.

Alikwenda porini na shoka, na mbele yake akisukuma gurudumu moja la baiskeli lililofungwa kipimo cha kuhesabu maili. Kila kijito, kila njia panda, alipaandika katika kitabu pamoja na umbali wake. Watu wengine walisema Maine iachwe, kwa kuwa misitu yake ni mikubwa na haina watu wa kuitunza njia. Avery hakukubali. Agosti 1933 alipanda mlima Katahdin, mrefu kuliko yote katika jimbo hilo, pamoja na wenzake na gurudumu lile, wakashuka wakipima na kupaka alama. Kufikia mwaka wa 1936 alikuwa ameikanyaga njia nzima kwa vipande vipande, naye ni wa kwanza kufanya hivyo. Tarehe 14 Agosti 1937 kipande cha mwisho kilikatwa, ikawa njia moja kutoka Georgia hata Maine, kupita majimbo 14. Urefu wake ni zaidi ya mara nne ya safari ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu.

Yafaa kusema kweli: Bwana Avery hakuwa mpole. Aliandika barua kali, akaudhi wengi. Aligombana na MacKaye mwenyewe kwa sababu ya barabara ya magari iliyokuwa ikijengwa juu ya mgongo wa milima huko Virginia. MacKaye aliikataa kabisa barabara ile; Avery alisema njia isogezwe kando, kazi iendelee. Wakaachana. Mimi naona MacKaye alikuwa na haki yake juu ya magari, lakini kama njia ingalingoja ugomvi uishe, pengine isingalikuwapo.

Tena njia haikatwi mara moja ikaisha. Mkulima yeyote ajua kazi ya maji kwenye mteremko: nyayo zikichimba kijishimo, mvua hukifanya mfereji, na mfereji ukawa korongo. Mwaka wa 1938 tufani iliangusha miti bila hesabu. Halafu vita vikaja, vijana wakaenda, petroli ikapunguzwa, na vichaka vikarudi. Earl Shaffer alipoitembea yote kwa safari moja mwaka wa 1948, mara nyingi ilimpasa kuitafuta njia. Avery akaanza upya kuwahimiza watu, hata mwaka wa 1951 ikatangazwa kuwa njia imeungana tena. Mwaka uliofuata aliacha kiti, na mwezi wa Julai akafariki, umri wake miaka 52.

Siku hizi njia hupita maili 2,190. Mwaka wa 1968 Serikali iliitungia sheria ya kuilinda, lakini mikono inayoifyeka ni ya watu elfu kadhaa wa kujitolea, katika vyama vipatavyo 30, kila chama na kipande chake. Huko Maine theluji ikiisha huja visubi wa kuuma, nao ndio wakati wa kazi. Mwangalizi wa kipande huingia na msumeno, akakata miti iliyoanguka, akazibua mifereji iliyojaa majani, akalaza magogo mshazari ili maji yatoke pembeni. Kisha hufungua kopo la rangi nyeupe na kupaka alama mitini, upana inchi 2, urefu inchi 6. Mbili zikipakwa moja juu ya nyingine, maana yake njia yageuka. Penye kilele cha Avery hakuna miti, basi alama hupakwa juu ya mawe.