Uvira: Matope ya Ziwa Yanatunza Habari ya Milima

Mvua ikinyesha milimani, mto Mulongwe unafika katika Ziwa Tanganyika ukiwa mwekundu. Mama mmoja aliyekimbia vita na watoto wake anasimama na bidoni pale mto unapoingia ziwani, akingoja maji yatulie. Kwao alikuwa mkulima. Anajua udongo ule ni shamba la mtu.

Asichokiona kiko chini. Humo wanaishi ostrakodi, vidudu wa jamii ya kaa, wadogo kama punje ya mchanga, kila mmoja ndani ya magamba mawili. Wakifa, magamba yao hubaki kwenye matope, tabaka juu ya tabaka: la chini ni la zamani, la juu ni la leo. Watafiti huyachimba, huyahesabu kwa hadubini, na kujua ni lini ziwa lilianza kuumia.

Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba, katika ziwa hili, penye udongo mwingi kutoka milima iliyokatwa miti, aina za ostrakodi zimepungua. Udongo huohuo hufunika mawe ambako samaki hutafuta chakula.

Aprili 2020 watu wa Uvira waliona Mulongwe ukivunja nyumba na kuua. Vidudu walikuwa wameonya mapema: mlima ukibaki uchi, walio chini ndio hulipa.

Mama anajaza bidoni. Nyumbani atayachemsha, kwani maji kutulia si maji kuwa safi.