Maji ya Kutazama

Mtu wa visiwani akiambiwa kuna ziwa mlimani, la kwanza linalomjia moyoni ni maji matamu. Sisi tuliozungukwa na maji yasiyonyweka tumelelewa na ndoto hiyo. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, ambako ardhi ni mawe ya matumbawe, aghalabu maji ya kisima huwa na ladha ya bahari, na mji wenyewe ulingoja hadi zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndipo maji ya chemchemi yakaletwa mpaka milangoni. Kwa hiyo ziwa kwetu ni neno la neema. Lugha nayo inatia utamu wake: ziwa ni la maji, na ziwa ni la mama, maziwa ni wingi wa yote mawili, na ndicho anachonyonya mtoto.

Nimeishi na neno hilo kwa miaka mingi katika kazi ya kufasiri. Washairi wa nchi za baridi, hasa Waingereza wa mwanzo wa karne ya 19, walilipenda ziwa la mlimani kupita kiasi. Wao wanayo majina kadhaa ya ziwa, kwa ukubwa wake na mahali lilipolala. Mimi ninalo moja, nalo nalitia katika kila mizani inayolidai. Beti nyingi za maziwa nilizifasiri kabla sijaliona ziwa lolote la mlimani kwa macho yangu. Hilo si ajabu katika kazi yetu. Wangapi wamemfasiri Hafidh bila ya kufika Shirazi?

Basi ndugu mmoja mpenzi wa mashairi aliponiuliza mtu kama mimi hufanya nini katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, penye maziwa ya Momella, naye hana bunduki wala kamera, nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu ndilo hili.

Hifadhi hiyo haiko mbali na mji. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi unafika Usa River, unakata kushoto, na kitambo kidogo uko kwenye lango la Ngongongare. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, na hifadhi ikachukua jina ililonalo leo. Wageni wengi huipita mbio wakielekea Serengeti na Ngorongoro, kwa sababu simba hawamo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Pasipo simba mtu huruhusiwa kuteremka garini na kwenda kwa miguu, ilimradi afuatane na askari wa hifadhi mwenye silaha, maana nyati wapo na hawana mzaha.

Basi jambo la kwanza la kufanya ni kutembea. Gari huonyesha mnyama. Miguu huonyesha mahali. Askari aliyepewa kazi ya kunichunga alikuwa kijana wa rika la mwanangu. Alinipa shikamoo, akanitazama viatu, akaniuliza kama nimewahi kupanda mlima. Nilimwambia kwetu kilima kikubwa kabisa hakitoshi kumchosha mbuzi. Akacheka, akaanza kwenda polepole kwa ajili yangu.

Kabla ya maziwa, msomaji, utazame mlima. Meru una kimo cha takriban mita 4,560, lakini si kimo kinachoushangaza moyo, ni umbo. Umekaa kama hilali, mgongo wake magharibi na uwazi wake mashariki. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki ulibomoka ukamwagika chini, mawe na tope na majivu kwa pamoja, ukaenea nchi yote ya mbele yake. Vilima vidogo vidogo unavyovipita ukiwa njiani ni vipande vya mlima huo ulioanguka. Na katika mabonde baina ya vipande hivyo ndimo maji yalimokaa, yakawa maziwa saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare na El Kekhotoito. Yasome kwa sauti majina hayo. Hayahitaji mshairi.

Maji yake huja zaidi kwa chini ya ardhi, yakipenya katika mawe na majivu ya volkano, yakichukua kila chumvi iliyomo humo. Kila ziwa lina kiasi chake cha chumvi, na kila kiasi hukuza mimea yake midogo isiyoonekana kwa jicho, ndiyo maana hakuna mawili yenye rangi moja sawasawa. Nilisimama mahali palipoonekana maziwa mawili kwa mkupuo mmoja. Moja lilikuwa la kijani cha jani la mgomba lililonyauka, jingine la buluu iliyochanganywa na maziwa. Nilikaa chini. Askari alidhani nimechoka, nami sikumsahihisha, kwani nilitaka kukaa.

Hilo ni jambo la pili: kaa. Saa nzima, ukiweza. Wageni wa magari husimama, hupiga picha, huondoka, wala ziwa halikuwahi kuwaona. Mimi nilipokaa ndipo ule ukungu wa waridi kwenye ukingo wa mbali ulipoanza kujitenga ukawa ndege. Ni heroe, wale ambao waongoza watalii wote huwaita flamingo. Huinamisha shingo mpaka mdomo ukageuka juu chini, wakachuja maji. Wanachokitafuta ni mwani: si mwani wa kwetu ambao akina mama wa Paje na Jambiani hufunga kambani maji yakipwa, bali mwani mdogo kuliko chembe ya unga. Na ule wekundu wao hutoka humo humo katika chakula. Ndege asiyekula mwani huo hupauka. Wakati wa kuzaa wengi huhama kwenda Ziwa Natron, ambako maji ni makali zaidi, na huko hakuna adui anayejitolea kuwafuata kirahisi.

Nilichovya kidole nikaonja. Kijana akaniambia upesi, "Mzee, usimeze." Haikuwa chumvi ya bahari, ambayo ulimi wangu unaijua tangu utotoni. Ilikuwa utelezi kama wa sabuni, na nyuma yake uchungu. Nikaitambua: magadi. Yale yale ambayo mama zetu hutia chembe yake chunguni ili maharage yalainike upesi. Nimesafiri kutoka kisiwani, nimevuka mkondo kwa boti na nchi kwa basi siku nzima, nimefika kwenye ziwa la mlimani ambalo nimelifasiri nusu ya umri wangu, na nimekuta maji yasiyonyweka. Kwa kweli nilijihisi nyumbani.

Mengine yaliyomo nitayataja kwa haraka. Kuna kuvuta makasia katika Momella Ndogo, kwa malipo ya ziada, ndani ya kijimtumbwi cha plastiki ambacho mvuvi wa Nungwi asingekipa hata heshima ya kukitukana. Lakini viboko huonekana vizuri kutoka humo, na kimya cha katikati ya maji kinastahili ada yake. Kuna Kreta ya Ngurdoto, bakuli la kijani lenye upana wa kilomita tatu hivi, ambalo hutazamwa kutoka ukingoni tu kwa kuwa kuteremka ndani hairuhusiwi. Napenda sheria hiyo. Si vibaya pakawapo mahali pamoja duniani ambapo binadamu huambiwa tazama na uende zako. Na kuna mbega wa msituni, wenye mashungi meupe kama mashekhe wa Ijumaa, ambao hurukaruka kwenye miti mirefu penye baridi ya kumfanya mtu wa pwani avae kila alichobeba. Asubuhi mapema, mawingu yakiridhia, Kilimanjaro huonekana upande wa mashariki. Mimi niliuona kwa dakika chache, ukafungwa.

Ila wengi hudhani ziara imekwisha wanapotoka langoni. Mimi nasema nusu yake bado. Rudi kwenye barabara kuu, uende Maji ya Chai. Kijiji hicho kimepewa jina la maji yake, ambayo rangi yake ni ya hudhurungi kama chai iliyochujwa, na anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hutabasamu. Nami nilitabasamu. Nikanunua ndizi kwa mama mmoja kando ya barabara, tukazungumza, na kila alipocheka aliuziba mdomo kwa upande wa khanga. Nilidhani ni haya za mwanamke mbele ya mgeni. Baadaye khanga ilimteleza nikaona meno yake: yana madoa ya kahawia, mengine yamelika kama mawe ya ufukweni.

Mlima ule ule uliotia rangi maziwa ndio uliotia rangi meno haya. Mawe na majivu ya Meru yana floridi kwa wingi, na maji yanayopita humo huibeba. Kidogo chake huimarisha jino. Kikizidi huliharibu tangu lingali ndani ya ufizi wa mtoto, na doa hilo haliondolewi na mswaki wala mkaa. Kikizidi mno kwa miaka mingi huingia katika mifupa, na miguu ya mtoto hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Maziwa ya Momella yamepimwa yakaonekana na mamia ya miligramu. Watu hawanywi ziwani, lakini visima na vijito vingi vinavyouzunguka mlima huo vimepita kikomo hicho kwa mbali.

"Mlima hauna ubaya, baba," aliniambia yule mama. "Maji ndiyo yana ubaya. Na yanatoka kwake." Wajukuu zake, alisema, huchotewa maji ya kunywa mahali pengine, na ni gharama.

Hapo Ngurdoto kipo kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia njia ya kuyasafisha maji hayo, na njia hiyo ni ya kuistaajabia: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri mpaka ikawa mkaa, ikasagwa, maji yakapitishwa humo, na mfupa ukainasa floridi. Mfupa wa mnyama aliyekufa unachukua ile sumu ambayo ingeingia katika mfupa wa mtoto. Nimesoma tashbihi nyingi maishani, na sijui kama ipo inayoufikia ukweli huo ulio katika ndoo ya plastiki.

Liko pia jambo la ardhi. Waongoza watalii hupenda kusimulia kwamba sinema ya Hatari!, ya mwaka 1962, ilipigwa maeneo ya Momella, na John Wayne akiwamo. Kichwa chake ni neno letu, nao hulitamka kwa fahari. Ni hadithi nzuri. Lakini kaskazini ya maziwa hayo ipo nchi ya Engare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu, na huko, mwezi Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu wakaelekezwa Kingori. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuishitaki serikali hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyemsaidia alikuwa wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda, kisiwa kidogo katikati ya Atlantiki. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi, lakini kesi hiyo ilisikika Tanganyika nzima, na TANU haijazaliwa bado.

Nikiwa juu ya kilima baina ya Momella mbili nilimwomba askari anionyeshe upande wa Engare Nanyuki. Alinyoosha mkono bila kusema neno. Palikuwa na vumbi jepesi na mabati machache yakimeta. Nikamuuliza kama babu yake alikuwapo. Akajibu, "Alikuwapo, mzee. Alikuwa mtoto, alibebwa." Kisha akageuka kutazama nyati.

Nikimtuma mtu huko leo nitamwambia achukue siku mbili, si moja: ya kwanza kwa maziwa na ya pili kwa watu wanaoyaishi maji hayo. Avae sweta. Aingie lango linapofunguliwa. Asikubali kuharakishwa na dereva.

Tafsiri zangu za zamani zimebaki kama zilivyo, kwani maziwa ya wale Waingereza yana maji ya kunywa na hayana kosa. Kwa Momella nimeanza utenzi wangu mwenyewe, nao unaniendea kwa urahisi usio wa kawaida. Magadi ni neno karimu kwa vina: ahadi, idadi, fuadi, hasadi. Tena kwetu lina maana yake nyingine, ambayo watu wa Meru hawaijui: magadi ni yale magogo tunayoegemezea chombo kikiwa pwani kavu, kisilale ubavu. Nimefika beti ya 31.