Nani Aliutunga?

Leo naomba tuzungumzie nyimbo za vyuo.

Juzi nilikesha nikiangalia video za mechi za vyuo vikuu vya Marekani. Ule mpira wao wa kukumbatia siuelewi hata kidogo. Kilichonikamata ni kinachofuata mechi ikiisha: wachezaji wanawageukia mashabiki, bendi inapiga, na wazee wenye mvi wanaimba huku machozi yakiwatoka.

Nyimbo hizo ziko za aina mbili. Kuna ule wa taratibu wa kukienzi chuo, wanaouita kwa Kilatini alma mater, yaani mama mlezi. Halafu kuna ule wa tarumbeta na ngoma, wa kuipa timu ari. The Victors, wa Michigan, ulitungwa na mwanafunzi Louis Elbel mwaka 1898, baada ya timu yao kuifunga Chicago 12 kwa 11. Pointi moja tu, na watu wanaimba mpaka leo!

Tuni nyingi ni za kuazima. Wimbo wa Cornell uliazima tuni ya Annie Lisle, wimbo wa 1857 unaomhusu binti anayekufa, na shule nyingi nyingine zimeichukua tuni hiyo hiyo. Kuazima si kosa. Lakini wimbo una kwao.

Kwa mfano, The Eyes of Texas. Maneno yake yaliandikwa na John Sinclair mwaka 1903, na mara ya kwanza uliimbwa mjini Austin kwenye onyesho ambalo Wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni kuwakejeli Weusi. Enzi hizo Mweusi hakuruhusiwa kusoma chuoni hapo. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa, wanamichezo wa chuo waliomba wimbo ubadilishwe. Mwezi uliofuata chuo kikasema unabaki. Machi 2021 kamati ya chuo ikatoa ripoti: wimbo haukutungwa kwa nia ya ubaguzi, ila mahali ulipozaliwa hapakanushiki.

Nilitaka kuwacheka wale wazee. Nikashindwa, maana mimi ni mtoto wa mchakamchaka. Nikiwa shule ya msingi tulikimbia alfajiri, umande miguuni, tukimwimba Idi Amin na kumtakia kifo kibaya. Vita vya Kagera viliisha 1979, mimi sijazaliwa. Niliimba kwa sauti yote, si kwa chuki, bali kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu na kukimbia pamoja kulitufanya tuwe kitu kimoja.

Miaka miwili iliyopita niliuimba kwa utani chumba cha habari. Mwenzangu mmoja kutoka Uganda akaniuliza, "Mlikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia saba. Akasema, "Na sisi Waganda mlikuwa mkitufikiriaje?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hatukuwa tukiwafikiria kabisa. Na hilo, nadhani, ndilo lililowauma wale wanamichezo wa Texas: kwamba kwa zaidi ya miaka mia watu waliimba kwa furaha bila kumfikiria anayesikiliza.

Sisemi wimbo upigwe marufuku. Mzee anayelia anawakumbuka rafiki zake, na machozi yake ni ya kweli. Kijana anayekataa kuimba naye anakumbuka kitu, nacho ni cha kweli. Ninachosema ni kwamba mtu aelezwe wimbo ulikotoka, kisha aachwe achague, bila kulazimishwa.

Mimi ule wa mchakamchaka bado naukumbuka wote. Siuimbi tena.

Na wewe je? Wimbo wa shule yako, nani aliutunga? Uliwahi hata kuuliza?

Tuonane wiki ijayo.