Hadithi za Wafipa ziko kabati la nani?

Haya, nimerudi kutoka Sumbawanga, na baridi yake bado iko mifupani. Kule juu Ufipa mwezi Julai mtu unalala na sweta.

Nilikwenda kutafuta habari ya bei ya mahindi, yakanikuta mengine. Mzee mmoja wa upande wa Milansi aliposikia mimi ni mwandishi, akaniuliza swali moja tu: “Mwanangu, yule Mzungu aliyekuja kuandika hadithi zetu, kitabu chake kiko wapi?” Marehemu baba yake alikuwa mmoja wa wasimuliaji. Yeye alikuwa mtoto, anakumbuka kukaa mlangoni akisikiliza.

Jamani, niliona aibu. Mzungu mwenyewe ni Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960. Hadithi alizokusanya zilichapishwa Oxford mwaka 1978, kwa Kiingereza: There Was a Certain Man. Kabla yake Askofu Lechaptois wa Mapadri Weupe, pale Karema, aliandika juu ya watu wa pande hizi kwa Kifaransa. Kile kilitoka Algiers, 1913. Yaani ukitaka kumsoma Mfipa, tafuta kwanza viza!

Kwenye intaneti nilikiona kitabu cha Willis katika orodha za maktaba za Ulaya ndani ya dakika mbili. Kukipata sasa. Wenzetu wana utaratibu: msomaji wa mji mdogo anamwomba mkutubi wake, naye anamwomba mkutubi mwenzake, hata wa nchi nyingine. Shirikisho lao la kimataifa, IFLA, lilizaliwa Edinburgh mwaka 1927, na mwaka 1995 likaanzisha vocha ili maktaba zilipane bila kuhangaika na benki na fedha za kigeni.

Nikaingia maktaba moja (siitaji) kumweleza dada wa kaunta habari hizo.

“Vocha? Ya mtandao gani, kaka?”

Tulicheka sana. Kisha akaniambia ukweli: vitabu vya nje anavyovijua yeye ni vya msaada. Vinakuja kwa maboksi, vimeshachaguliwa huko huko. Hakuna aliyewahi kumwomba atafute kitabu fulani ng'ambo. Hapo ndipo nilipokaa kimya, maana hata mimi sikuwahi kumwomba mtu.

Jina la kitabu ameliandika kwenye daftari lake, na barua pepe tumeiandika pamoja. Jioni nikampigia mzee. Ameuliza kama jina la baba yake limo. Nimemwambia kikifika tutaangalia.